Uzi: India wa alama 890 kaitwa kazini, wa 950 karudi kwao. Kweli wanapeana vyeo kwa ukoo?

MzeeWaPune (mleta uzi)

Wakuu kwema? Juzi kwenye mada ya ajira kuna mdau katupia "India wanapeana vyeo kwa ukoo ndo maana vijana wao wote wamekimbilia Canada", akapewa like kama zote. Nilicheka, halafu nikasema hapana, hili ngoja nilifungulie uzi wake. Mods naomba msiuunganishe na ule.

Nimesoma Pune, hukohuko India, miaka minne. Miwili ya mwisho nilipanga nyumba na madogo wawili wa kule wanaojiandaa na UPSC, mtihani wa ajira za serikali kuu, mmoja tulimpa jina la Pandit maana ni Brahmin, kasti (tabaka la kuzaliwa nalo) ya juu kabisa, mwingine tulimwita Bhau, huyu ni Mahar kutoka vijijini Marathwada, yaani Dalit, wale ambao mababu zao walikuwa hawaguswi, hawachoti maji kisima kimoja na wenzao. Wanakaa nyumba moja, wanapika sufuria moja, wanabadilishana notsi, na wanajiandaa na mtihani mmoja, ila kwenye fomu kila mtu anatiki kisanduku chake cha kasti. (Halafu kule "dada" ni kaka mkubwa, siku ya kwanza muuza chai kaniita dada nilitaka tushikane mashati.)

Sasa mtihani wenyewe. UPSC ni tume ya ajira ya serikali kuu, iko Delhi. Ukipita unaweza kuwa IAS, hawa ndo wanakwenda kuwa makalekta wa wilaya, na kalekta kule sio mchezo, wilaya moja inaweza kuwa na watu milioni tatu nne na wote wanamnyenyekea. Au IPS, polisi wakubwa. Au mambo ya nje, kodi, reli. Wanajaza fomu kama milioni moja kwa mwaka, nafasi ni kama elfu moja. Unaanza na prilimzi ya kuchagua majibu, hapo wanafyekwa wengi sana, wanaobaki wanaingia meinzi, karatasi tisa za kuandika mpaka kidole kinaota sugu, saba ndo zinahesabiwa alama 1,750, halafu usaili alama 275. Jumla 2,025.

Kwenye kila nafasi 100, 15 zimetengwa kwa SC (hapo ndo Dalit), 7 na nusu ni za ST (makabila ya asili, wengi wa misituni na milimani), 27 za OBC (kasti za kati na chini, wakulima, wafugaji, mafundi), 10 za EWS, hawa ni maskini wa hizo kasti ambazo hazina kisanduku kingine. Zinabaki 40 na nusu wanaziita jenero.

Mtihani wa 2023 waliitwa 1,016. Aliyeponea chupuchupu upande wa jenero alikuwa na alama 953. EWS 923. OBC 919. ST 891. SC 890. Kwahiyo ndio, mtu wa jenero mwenye 950 alirudi kwao kulia na mama yake na wa SC mwenye 890 akaitwa. Ila naomba mtu achukue kalkuleta: 953 toa 890 ni 63. Kati ya 2,025. Ni kama asilimia 3 hivi. Watu wanaongea utadhani mmoja kapata 90 mwingine kapata 20.

Natoka kidogo, nikirudi naendelea. Mnaojua zaidi mtiririke.

kibonge_wa_tegeta

Mkuu asilimia 3 kwenye mtihani wa watu milioni ni bahari. Hapo katikati wamelala maelfu. Alafu swali langu la siku zote, we ungekubali kupasuliwa na daktari aliyeingia kwa kota, yaani hizo nafasi za kutengwa?

MzeeWaPune

Hahaa kibonge swali la daktari nilijua litakuja, kule linaulizwa kila kijiwe cha chai. Kwanza huu sio mtihani wa udaktari, ni wa utawala. Hapo katikati wamelala maelfu kweli nakubali, ila huoni kwamba hoja hiyohiyo inakugeuka? Kama maelfu wamebanana kwenye alama 60 basi aliyepata 953 na aliyepata 950 tofauti yao ni nini, siku ya insha mmoja aliamka na mafua? Usaili peke yake una alama 275 zinazotolewa na wazee watano waliokaa mezani wanakuangalia usoni nusu saa.

Pili kuna wachumi wawili, Ashwini Deshpande na Thomas Weisskopf, walichimba takwimu za reli ya India kuanzia 1980 mpaka 2002 kuona kama kanda zenye wafanyakazi wengi wa SC na ST zinafanya kazi vibaya. Hawakukuta ushahidi wa hivyo. Na reli ya India mnaijua, ni mmoja wa waajiri wakubwa duniani.

Shangazi wa Makorora

Mwanangu Mzee wa Pune hongera kwa uzi. Ila hapo kwenye fomu, anayetiki kisanduku anathibitishaje? Si kila mtu atasema mimi Dalit ili aingie?

MzeeWaPune

Shikamoo shangazi. Kuna cheti cha kasti kinatolewa na ofisi za wilaya, wanafuatilia baba na babu mpaka makaratasi ya zamani. Vyeti feki vipo, sidanganyi. Mwaka 2024 kulikuwa na afisa mwanafunzi mmoja hukohuko Pune, UPSC wakafuta nafasi yake kabisa wakisema alibadilisha majina akafanya mtihani mara nyingi kuliko alizoruhusiwa, na maswali ya cheti chake cha OBC na cha ulemavu yakawa habari nchi nzima wiki kadhaa. Baada ya hapo kila mtu mwenye kisanduku akawa anaangaliwa kama mwizi. Bhau aliniambia wiki ile hakwenda maktaba.

Na mara za kufanya mtihani nazo zinatofautiana, nilisahau kuweka. Jenero na EWS mara 6 mpaka miaka 32, OBC mara 9 mpaka 35, SC na ST hawana idadi ila mwisho miaka 37. Hili ndo lilikuwa linamuuma Pandit kuliko alama. Alikuwa anasema "alama nitazitafuta, miaka nitaitoa wapi".

mwanasheria_uchwara

Ngoja nisaidie historia maana vijana humu mnadhani hili limeanza jana. Kolhapur mfalme wao Shahu alitenga nusu ya nafasi za kazi kwa kasti za nyuma tangu 1902, Mwingereza bado yupo. 1932 Ambedkar, mwenyewe Mahar, alikuwa amepata kura tofauti kwa ajili ya watu wake (wachague wawakilishi wao wenyewe), Gandhi akagoma kula gerezani Yerwada, iko hapohapo Pune kwa mleta uzi, ikabidi Ambedkar akubali viti maalum badala yake. Baadae huyohuyo ndo akaongoza kamati ya kuandika katiba, ibara ya 17 ikapiga marufuku kutengwa kwa wasioguswa na 16(4) ikaruhusu kutenga nafasi za ajira.

Moto wenyewe uliwaka 1990. Tume ya Mandal, iliyochunguza kasti za nyuma, ilishatoa ripoti tangu 1980 ikakaa kabatini miaka kumi, Agosti 1990 waziri mkuu V.P. Singh akatangaza OBC wapewe asilimia 27. Wanafunzi wa Delhi wakaingia barabarani, wengine wakajichoma moto, sio matairi wakuu, miili yao. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu, majaji tisa, 1992 wakasema: 27 sawa, ila jumla isizidi 50, na wale OBC waliokwisha kutajirika watolewe. Hao wanawaita krimi leya.

kibonge_wa_tegeta

Krimi leya ndo nini tena, aiskrimu?

mwanasheria_uchwara

Malai bwana. Ule utando wa juu wa maziwa. Ukichemsha maziwa wa kwanza kupanda juu ndo huyo, na yeye ndo anayelambwa kwanza.

MzeeWaPune

Asante mwanasheria, hapo kwenye malai ndo nilikuwa naelekea, na ndo hasa kilichonifanya nifungue uzi. Watu wa nje tunadhani ugomvi ni juu dhidi ya chini, Brahmin dhidi ya Dalit. Upo. Ila nyumbani kwetu ugomvi mkali wa kweli ulikuwa mwingine, na walikuwa wanagombana watu wa kisanduku kimoja.

Chukua OBC. Ukiwa familia yako inaingiza zaidi ya laki 8 za rupia kwa mwaka (laki ni ileile yetu, elfu mia), wewe ni malai, unahamia jenero. Ni kama milioni ishirini na kitu za madafu. Lakini sikia utamu: kwenye hesabu hiyo mshahara wa wazazi hauhesabiwi, na mapato ya shamba hayahesabiwi. Wanaangalia mapato mengine, halafu cheo cha mzazi wanakipima kivyake. Kwahiyo kuna tajiri wa mashamba ya miwa mtoto wake bado ni OBC safi kabisa. Lakini kwa EWS, yule maskini wa kasti ya juu, laki 8 hizohizo zinahesabu kila kitu, mshahara ndani, shamba ndani.

Tume ya jaji Rohini iliundwa 2017 kuchungulia ndani ya OBC, wakakuta karibu ajira na nafasi zote za vyuo vya serikali kuu za fungu la OBC, asilimia 97, zimechukuliwa na kama robo tu ya jamii zilizomo kwenye orodha. Jamii 983 hazijapata hata moja. Hata mhudumu. Nafasi imetengwa kwa jina lao miaka yote hiyo na wao hawajui hata hiyo ofisi iko mtaa gani.

Kwa SC vilevile. Kule Maharashtra Mahar walimfuata Ambedkar, wakasoma, wakabadili dini wakawa Mabudha tangu 1956, wakatangulia. Jirani zao Matang wanasema sisi tuko SC kwenye karatasi tu, kila nafasi ikija anachukua Mahar. Rafiki yake Bhau alikuwa Matang, wakiwa wazima wanasoma pamoja, wakinywa mbili tatu wanatukanana mpaka mwenye nyumba anagonga ukuta. Jimbo la Telangana ugomvi huo ni wa Madiga na Mala. Punjab waliwahi kugawa tangu 1975, nusu ya fungu la SC waangaliwe kwanza jamii za Balmiki na Mazhabi.

Sasa tarehe 1 Agosti 2024 Mahakama ya Juu, majaji saba, sita kwa mmoja, wakasema majimbo yanaruhusiwa kuligawa fungu la SC ndani kwa ndani. Telangana wameshaanza 2025. Na jaji Gavai, yeye mwenyewe Dalit, akaandika kwamba hata SC na ST watafutiwe namna ya kutoa malai wao. Siku hiyo Pandit alinunua pedha, vile vitamu vya maziwa vya sherehe. Bhau hakula.

Kamkunji Finest

Sasa hii yenu ya India naona ni kama yetu ya Kenya tu. Hapa sheria ya uwiano ya 2008 inasema ofisi ya umma isiwe na kabila moja zaidi ya theluthi. Lakini kila mkubwa akiingia tunaanza kuhesabu majina ya watu wake kwa gazeti.

MzeeWaPune

Karibu mkenya. Inafanana kwa mbali ila pale mnaweka dari kwa mkubwa asijaze, India wanaweka sakafu kwa mdogo asikose. Na hesabu za India sio za kabila kubwa na dogo, ni za nani alifungiwa mlango kwa jina la dini miaka mamia. Na mtu hawezi kuhama kasti hata akihamia mji mwingine, jina la ukoo linatangulia kufika.

Hii nimeiona kwa macho. Tulikuwa tunatafuta nyumba, mimi nikifika mwenye nyumba ananiangalia ngozi, tunaelewana hapohapo, hataki, naondoka. Bhau akifika anakaribishwa, anapewa maji, maongezi mazuri, halafu linakuja swali "jina lako kamili nani?" Akitaja la ukoo, nyumba imeshapangishwa jana. Pandit ndo alikuwa anatumwa kwenda kuongea, sisi wawili tunasubiri kwenye chai mtaa wa pili kama wezi.

mtoto_wa_reli

Binafsi naona kota waachane nayo wasaidie maskini basi. Maskini ni maskini tu hana kasti. (Kota hapa simaanishi zile nyumba za kota tulizokulia tafadhali.)

mwanasheria_uchwara

Mtoto wa reli hiyo ndo EWS, walifanya 2019 kwa kurekebisha katiba, Mahakama ya Juu ikapitisha Novemba 2022 majaji watatu kwa wawili. Ila ona mtego: maskini wa SC, ST na OBC hawaruhusiwi kuingia humo, hata awe anaomba barabarani. Majaji wawili waliopinga hoja yao ilikuwa hapo. Na ile dari ya 50 imeshatoboka, jumlisha 15, 7.5, 27 na 10 unapata 59.5. Tamil Nadu wao wako 69 tangu zamani.

kibonge_wa_tegeta

Sasa hizo jenero ni za nani? Si ndo za kasti za juu hizo?

MzeeWaPune

Hapana kibonge, na hapa hata Wahindi wengi wanakosea, shika vizuri. Jenero ni wazi kwa yeyote. Mtoto wa Dalit akipata alama za jenero bila kutumia nafuu yoyote, sio ya umri, sio ya mara za kufanya, anahesabiwa jenero, hachukui nafasi ya SC. Mtihani wa 2015 aliyeshika namba moja India nzima, Tina Dabi, ni wa SC, alikuwa na miaka 22, mara ya kwanza tu. Namba moja! Ila prilimzi alipita kwa kiwango cha SC, na mitandaoni watu walichimbua alama zake hizo kutafuta pa kumshikia.

Na wasiotaka kisanduku wana njia zao. Agosti 2024 UPSC ilitangaza nafasi 45 za juu wizarani za kuchukua wataalam kutoka nje moja kwa moja, hakuna fungu la mtu, kelele zikapigwa, siku tatu tangazo likafutwa.

Shangazi wa Makorora

Haya na wale wenzetu weusi wa kule? Niliona video wanacheza ngoma kabisa wamevaa manyoya ya tausi nikasema hawa si wa kwetu hawa.

MzeeWaPune

Shangazi umenikumbusha! Hao ni Siddi. Asili yao ni pwani yetu hii na ndani zaidi, walipelekwa karne nyingi, wengine watumwa, wengine wanajeshi na mabaharia. Wako Gujarat, Karnataka, kidogo Goa na Hyderabad. Na ngoma yao wanaiita goma. Nilivyosikia hilo neno nilikaa chini.

Kwenye visanduku wako ST, ila soma uchekeshwe: Gujarat wanahesabiwa ST kwenye wilaya za upande wa Saurashtra, kama kijiji cha Jambur karibu na msitu wa simba wa Gir. Siddi wa Bharuch, damu hiyohiyo, goma hiyohiyo, kaburi la mzee wao Bava Gor liko upande wao, orodha hiyo haiwagusi. Karnataka waliingizwa 2003. Wengi wao ni Waislamu, na hapo pia kuna jambo, maana SC ni lazima uwe Hindu, Sikh au Budha, Dalit akisilimu au akiwa Mkristo anatolewa, lakini ST hawaulizwi dini. Kwahiyo Siddi Mwislamu anapita mlango ambao Dalit Mwislamu umefungwa kwake.

Kamkunji Finest

Na hao wasee wako wawili wako wapi siku hizi? Usituache hewani.

MzeeWaPune

Pandit alimaliza mara zake zote 6. Alifika usaili mara mbili, ya mwisho alikosa kwa alama nane. Alilala siku tatu. Saa hizi anafundisha kochingi ya UPSC mtaa wa Sadashiv Peth hapo Pune, somo lake ni katiba, na Bhau anasema kipindi cha ibara ya 16 anakifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote pale, watoto wa SC wanajaa mpaka mlangoni. Maoni yake kuhusu kota hajabadilisha hata kidogo, bado wanabishana kwa simu.

Bhau UPSC ilimshinda, akapita mtihani wa jimbo la Maharashtra. Na alipita kwa orodha ya jenero, hakugusa nafuu, nilimuona na ile karatasi. Ameripoti ofisini wiki ya kwanza wenzake wakawa wanamwita "wa kota". Akatoa ile orodha akawaonyesha. Wakasema sawa, halafu Jumatatu wakaendelea.

Mwaka jana kapata mtoto. Kwa hesabu za jaji Gavai huyo mtoto ndo malai mwenyewe, baba afisa, nyumba ya serikali, nilimtania hivyo kwenye simu, akanyamaza kwanza, akasema labda. Halafu akanisimulia alivyokwenda kuandikisha cheti cha kuzaliwa, akaandika jina la mtoto na jina lake yeye, la ukoo akaacha wazi. Karani akageuza fomu, akamrudishia na kalamu, akamuuliza "na hapa?"